Asubuhi Tuliyowaona Ndege Wote

Jumanne, jioni. Kisumu.

Joto limebana tangu adhuhuri na mvua inatuzungusha tu, inanguruma upande wa ziwa halafu inaghairi. Suruali yangu ya kazi bado iko pale mlangoni, matope ya Ahero hadi magotini. Akoth ameipita mara kadhaa bila kusema kitu, na mke wangu si mtu wa kupita nguo chafu bila kusema kitu.

Leo mfumo wetu umefanya kazi.

Niiandike tena, maana ndiyo sentensi niliyoingoja tangu mradi uanze. Leo mfumo wetu umefanya kazi, mbele ya wageni, bila kukosea hata mara moja, na wageni wamepiga makofi. Kiongozi wa mradi, Bi. Wanjiru, amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi wakati huo nilikuwa natazama shamba, nyuma ya bega lake.

Sijui nianzie wapi. Labda nianze na ndege.

Kwelea ni ndege mdogo, ukimkuta peke yake utamhurumia. Shida ni kwamba humkuti peke yake. Wanalala kwenye mafunjo huko chini karibu na ziwa, na kukipambazuka wanainuka wote pamoja kama moshi wa jalala linaloungua, wanakuja kwenye mpunga wa uwanda wa Kano. Mpunga ukishaanza kuinamisha masuke, watu wa Ahero hawana tena maisha mengine. Ni kulinda ndege kutoka alfajiri hadi jua lizame, kwa mabati, kwa debe, kwa sauti zao wenyewe, kwa kombeo na madonge ya matope. Kwa Kijaluo tunasema rito winy. Mtu akiwa kwenye kazi hiyo hata matangani anasamehewa asipofika, na anayetujua Wajaluo anaelewa huo ni msamaha mkubwa kiasi gani.

Mradi wetu ni wa kuwafuata ndege hao kwa mashine. Tumesimamisha mlingoti kwenye tuta, na juu yake kuna rada ndogo, kamera ya kawaida, kamera ya joto na maikrofoni kadhaa. Ni vingi kwa sababu hakuna kimoja kinachotosha. Rada inajua kitu kiko umbali gani na kinakwenda kasi gani, lakini haijui ni kitu gani. Kamera inajua ni kitu gani, lakini ukungu ukishuka inakuwa kipofu. Kamera ya joto haijali ukungu, ila peke yake haiwezi kukuambia kama lile joto ni la ndege au la mbuzi. Maikrofoni zinasikia mabawa na kujua yanatoka upande upi, ilimradi pasiwe na kelele nyingine.

Kazi yangu ni kuvikalisha hivi vyote pamoja mpaka vikubaliane, kama chifu anayesikiliza mashahidi wa ugomvi mmoja, kila mmoja ameona kipande chake. Vikishakubaliana, kompyuta inalipatia kundi namba, inalichorea mstari kwenye skrini, na kamera inageuka yenyewe kulifuata popote linapokwenda. Hakuna mtu anayegusa chochote. Na kwelea wana kasi, wanakata kona ghafla, wanagawanyika na kuungana tena hewani. Kuwafuata bila kuwapoteza ni kazi iliyoninyima usingizi na kunipa mvi za mapema.

Nimesema kuwafuata. Sijasema kuwafukuza.

Kufukuza ni awamu ya pili. Awamu ya pili ina droni yenye umbo la mwewe, nzuri sana, na mpaka sasa mwewe huyo anaishi kwenye karatasi.

Sasa nimfikie mwenye shamba.

Tuta tulilosimamisha mlingoti linapakana na kipande cha mpunga cha mama mkwe wangu, mama yake Akoth. Sikukichagua mimi kwa ajili ya undugu. Tulihitaji kona iliyo karibu na mfereji mkubwa, isiyo na miti, gari liweze kufika, na ikatokea kona ni yake. Nilipomwomba Akoth aende kumwuliza, alijibiwa hata kabla hajamaliza kueleza. Kazi ya mkwe haiombewi ruhusa, alisema Mama. Mkwe anaonyeshwa tu mahali pa kuchimba shimo.

Kwa msomaji asiye wa huku, lazima nieleze jinsi tunavyoishi na mama wakwe zetu. Mimi na Mama hatujawahi kupeana mikono. Tunasalimiana kwa mbali, macho yakitazama pembeni, kila mmoja akimwogopa mwenzake kwa heshima. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Nikiwa na neno lake, nampa Akoth. Akiwa na neno langu, anampa Akoth. Vijana wa mjini wameanza kuyaacha haya, na mimi mwenyewe nikiwa na marafiki huwa nayatania. Nikifika Ahero utani unaniisha. Tangu nioe sijawahi kumpandishia sauti, na sidhani kama nimewahi kumwambia sentensi tatu kwa mfululizo.

Na mpunga ule haukuwa mpunga wa chakula tu.

Mto ulipovunja kingo mwaka juzi, maji yalibeba nyumba ya Mama, nyumba ya udongo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Tangu hapo anaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga nyuma ya maduka pale Ahero. Hana mtoto wa kiume. Mimi nilijitolea kumjengea. Nilikuwa hata nimeongea na fundi. Akoth akaniletea shukrani na jibu: "Mama anasema erokamano sana. Lakini akilala kwa nyumba mkwe amejenga, siku mkwe akikuja kumtembelea atampokelea wapi?"

Kwetu Wajaluo, mkwe hapokelewi kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nikamwambia fundi asije.

Kwa hiyo akaamua mpunga ndio utakaomjengea. Msimu uliopita maji yalirudi tena, akapata nyasi. Msimu huu mto ulitulia, mpunga ukasimama vizuri, masuke yakajaa, na Akoth akaanza kuzungumza habari za mabati ya paa kila tukikaa kula. Bado muda kidogo tu wavune. Hicho ndicho kilichokuwa pale shambani leo asubuhi: nyumba ya Mama, imesimama kwenye maji, ikingoja mundu.

Kelele ndizo zilizotuponza.

Walinzi wa ndege wanapiga debe, maikrofoni zangu zinachanganyikiwa. Wanarusha madonge ya matope, rada inayaona kama ndege. Tulipokuwa ndio kwanza tunaanza, mfumo wangu ulifuata donge la tope kwa uhakika mkubwa, tangu linatoka kwenye kombeo la mama mkwe wangu mpaka lilipotumbukia mferejini. Ulilipa namba na mstari na kila kitu. Tulicheka mpaka machozi, na Akoth alipomsimulia, Mama naye alicheka, halafu akaingiwa na wasiwasi. Akauliza kama amenivunjia mashine.

Wageni wanaofadhili mradi walipopanga kuja, Wanjiru akasema tunahitaji asubuhi moja ya utulivu, kona moja tu, waone mfumo ukifanya kazi bila debe. Mimi nilikubali. Nilisema sawa, kona ni ya kwetu, nitaongea nyumbani. Nikamwambia Akoth amwambie mama yake hivi: Jumanne asubuhi asipige kelele, asirushe kombeo, mpaka mimi niseme.

Mpaka mimi niseme. Maneno yangu mwenyewe. Mpango ulikuwa kundi likija tunalifuata hadi linapotaka kutua, halafu natoa neno, Mama anaanza debe, ndege wanaondoka, na mfumo unawafuata tena wakienda. Nilifikiria kila ishara ya kila kifaa kwenye ule mlingoti. Sikujiuliza neno langu litatokaje kinywani mwangu hadi limfikie yeye.

Tulifika mapema. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba, na ng'ambo ya barabara kuu nilisikia malori ya miwa ya Muhoroni yakibadilisha gia. Wageni walipewa chai chini ya hema. Mama alikuwa tayari amesimama katikati ya mpunga wake, kombeo likining'inia mkononi. Nilipunga mkono. Naye akainua wake kidogo, akageuza uso. Tukawa tumesalimiana.

Pande zote za mbali watu walikuwa wameanza kelele zao. Mashamba yale si ya mradi, hatukuwaomba wanyamaze. Nilizipima kwenye maikrofoni, nikaona ziko mbali, haziharibu kitu, nikafurahi.

Mtu mzima na akili zangu, nilifurahi. Bonde lote linapiga debe isipokuwa kona moja. Ndege angekwenda wapi?

Walikuja jua likianza kuonekana. Rada iliwaona kwanza, nje ya ukungu, halafu kamera ya joto, halafu maikrofoni, halafu ukungu ukafunguka na kamera ya kawaida ikawaona nayo. Mashahidi wote walikubaliana. Mstari wa kijani ukatokea kwenye skrini, na kamera ikageuka yenyewe, taratibu, kama kichwa cha mtu anayemfuata mtu anayempenda. Mgeni mmoja alisema, "Ala!" Kundi likapita juu ya shamba la kwanza, kelele zikalipokea, likakata kona. Mfumo ukakata kona nalo. Likagawanyika mara mbili. Mfumo ukachora mistari miwili. Likaungana, mistari ikaungana.

Lazima niwe mkweli hapa, kama sitakuwa mkweli kwenye blogu yangu mwenyewe basi nitakuwa wapi. Nilifurahi mno. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Kwa muda nilisahau kabisa kwamba ule mstari unakwenda mahali, na kwamba mahali pale pana mtu.

Shamba baada ya shamba waliwafukuza, na kila walipofukuzwa mstari ulisogea kwetu. Halafu ukashuka. Ukasimama juu ya mpunga wa Mama, ukawa doa kubwa la kijani.

Nikasema, "Sasa. Mama aanze kelele."

Wanjiru alisema sawa, toa neno. Wageni walinitazama. Mimi nikatazama shamba, na Mama alikuwa amesimama vilevile katikati ya ndege, kombeo mkononi, anatazama pembeni ili asinitazame mimi, anangoja niseme.

Nilimpigia Akoth. Nacheka nikiandika hili, lakini ndicho nilichofanya. Ndege wako mbele yangu, mama mkwe yuko mbele yangu, nami nampigia mke wangu aliye Kisumu, darasani, anafundisha.

"Mpigie Mama, mwambie apige kelele!"

"Simu yake si iko kwa kinyozi inachaji? Kwake stima imepotea tangu juzi."

"Akoth, ndege wanakula."

"Sasa si uende umwambie?"

"Niende vipi?"

"Na miguu, Baba Hawi! Enda tu!"

Nikaenda. Nilikimbia juu ya tuta, viatu vikizama, nikaanguka mara moja, hiyo suruali hapo mlangoni ndiyo shahidi. Nilipofika ukingoni mwa shamba lake nikaona kile ambacho kutoka kwenye hema sikukiona, kwa sababu mpunga ulikuwa umekificha. Mama alikuwa amekunja nguo yake na kuifunga juu, juu kabisa ya magoti, kama kila mwanamke anavyofanya akiingia kwenye maji ya mpunga. Ni nguo ya kazi. Hakutarajia mkwe atafika pale.

Aliniona. Akashtuka, akachuchumaa haraka kwenye mpunga ili anifichie miguu yake.

Nami nikageuza mgongo.

Sikuamua. Mwili ndio ulioamua, kama unavyoondoa mkono kwenye moto. Nilisimama pale nimempa mgongo mama mkwe wangu, uso nimeuelekeza kwenye mfereji, na nyuma yangu nasikia kwelea wakila. Wana sauti, wakila. Ni kama mvua ndogo juu ya majani makavu.

Nilianza kupiga kelele mwenyewe. Nilipiga makofi, nilipiga miluzi, nilipayuka maneno yasiyo na maana, yote nikiyaelekeza mferejini. Ndege waliinuka kidogo, wakazunguka, wakarudi. Sauti moja iliyogeuka upande mwingine haiwatishi ndege wa wingi ule. Na Mama hakusimama. Nilingoja nisikie debe lake, sikulisikia.

Ilinichukua muda kuelewa. Mimi nikiwa pale, hangeweza kusimama. Angesimamaje na miguu wazi mbele ya mkwe? Na mimi nikiwa mbali, hakuwa na neno langu. Alikuwa amefungwa huku na huku, na kamba zote mbili nilizishika mimi.

Wanasema heshima si utumwa. Leo asubuhi heshima ilitukwamisha mtu na mkwewe kwenye matope, huku nyumba ya mmoja wao ikiliwa.

Mwishowe nikapaza sauti, bado nimegeuka: "Mama, piga kelele! Nimesema! Mimi naondoka!" Nikakimbia kurudi nilikotoka, haraka kuliko nilivyokuja. Nilikuwa nusu ya njia niliposikia debe. Lilipigwa kwa nguvu, bila kupumzika, na sauti yake nyembamba juu ya debe. Sikuwahi kuisikia sauti ya Mama ikiwa juu. Ndege wakainuka wote.

Kamera ikageuka yenyewe, ikawafuata vizuri kabisa. Hapo ndipo wageni walipopiga makofi.

Ningemtuma Wanjiru, yeye hana mkwe Ahero, angemfikia Mama bila tatizo. Ningemtuma dereva. Ningesema tangu mwanzo Mama apige kelele akiona ndege wametua, asiningoje. Haya yote yamenijia nikiwa nimekaa hapa kwenye kiti, nimeoga. Pale tutani hayakunijia hata moja.

Baada ya wageni kuondoka nilizunguka upande wa juu wa shamba, mbali, baada ya kuhakikisha Mama ameshaenda kwenye kivuli. Masuke yamesimama wima. Ndiyo namna ya kujua. Suke lenye mpunga huinama, lililoliwa huinuka. Juu ya maji makapi yalikuwa yametanda meupe. Upande wa kaskazini kuna mpunga umebaki, pengine wa kula. Wa kujenga haupo.

Wanjiru alikuja akasimama kando yangu. Si mtu mbaya. Alisema mradi utaangalia kama kuna namna ya kumsaidia mama huyo. Nikamwambia hatapokea, nikashindwa kumweleza kwa nini, akadhani nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika pia, sijui na nani.

Mchana ofisini nililazimika kurudia rekodi yote ili niandike ripoti. Niliiangalia kamera ya joto.

Anaonekana. Katikati ya ndege, doa moja jeupe la joto, limekunjamana, halisogei. Ndege wanamzunguka, kila kikundi kina namba yake na mstari wake. Yeye hana namba. Hana mstari. Mfumo ulimwona na kumwacha, kwa sababu niliuandikia mwenyewe kwamba kitu chenye joto kisichosogea ni jiwe lililopigwa na jua au ng'ombe aliyelala, usipoteze muda nacho. Niliandika hivyo ofisini hapa Kisumu, nikinywa soda, nikajisifu jinsi skrini ilivyokuwa safi.

Mimi nilipata namba. Nilikuwa nakimbia, si ndiyo? Nilitokea kwenye tuta kama lengo jipya, mstari wa kijani mpaka ukingoni mwa shamba, na pale niliposimama na kugeuza mgongo, mfumo ukangoja kidogo, ukaona sisogei, ukanifuta.

Niliifunga kompyuta. Ripoti sijaiandika.

Nilirudi nyumbani kabla ya Akoth. Nilikaa nikimngoja nikiwa nimejiandaa kugombezwa, na nilitaka kugombezwa, lingekuwa jambo la kufanya. Alipoingia aliweka mkoba, akanitazama, akasema tu, "Pole." Alikuwa ameshaongea na mama yake, simu imetoka kwa kinyozi. Hakulia mbele yangu. Alienda kumwogesha mtoto wetu, Hawi, na nikasikia maji yakimwagika muda mrefu kuliko mtoto wa ukubwa ule anavyohitaji.

Nilimwuliza kupitia mlango kama tunaweza kwenda kwa Mama kesho. Akasema tutaenda tumebeba nini? Mkwe haendi mikono mitupu, na chochote nitakachobeba kesho kitaonekana ni malipo. Mama atakirudisha, au atakipokea kwa adabu na kitamuumiza. Nikasema basi nitume mtu. Akasema, "Mtu ni mimi, Baba Hawi, sikuzote mtu ni mimi, na leo nimechoka."

Ni kweli. Sikuwa nimewahi kuliona hilo pia.

Halafu, sasa hivi tu, ndiyo maana nimekuja kuandika, Akoth alitoka chumbani na simu sikioni, akanyoosha mkono, akanipa.

"Anataka wewe."

"Nani?"

"Mama. Amesema si mimi. Anataka wewe."

Tangu nioe haijatokea. Nilisimama wima kama mtoto wa shule, nikashika simu kwa mikono miwili.

"Orwa," akasema. Mkwe wetu.

"Mama."

Nilisikia redio ya jirani yake na mtu akitwanga kitu. Nilikuwa nimeandaa pole, nilikuwa nimeyapanga maneno yote, na ilikuwa imefika mdomoni, aliponitangulia.

"Ile mashine yako iliona hao ndege?"

"Iliona, Mama."

"Wote?"

"Wote."

"Hata wale walikuwa nyuma, upande wa mfereji?"

"Hata wale, Mama. Hakuna iliyemwacha."

Akapumua, pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Ai, basi ni sawa. Nilikuwa naogopa nikisimama nitakuharibia, ndiyo nikakaa chini. Na wageni walikunywa chai?"

"Walikunywa."

"Basi ni sawa," akasema tena. "Lala vizuri."

Akakata kabla sijasema pole. Sikumwambia kwamba kulikuwa na mmoja iliyemwacha. Simu ilibaki mkononi mwangu na Akoth alisimama mlangoni akiningoja nimwambie Mama amesema nini, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye ninayepaswa kulipeleka neno, na sijui nilipeleke vipi.

Mvua haijanyesha bado. Kukipambazuka ndege watarudi kumaliza ule mpunga wa upande wa kaskazini, na yeye atakuwa pale na debe lake. Kwenye hema kuna kiti changu na skrini. Kwenye matope kuna mahali ambapo mkwe haruhusiwi kufika. Sijui kesho nitasimama wapi.